Kopo la Rangi Nyekundu Kule Satellite

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya kwa kopo la rangi nyekundu, na mpaka leo nikilikumbuka najifunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nilikuwa kwenye majaribio katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi, iliyopanga njia za watu wa miguu (wakubwa wake wote walikuja kazini kwa gari, hata yule aliyeishi ng'ambo ya barabara). Mambo ya kupanga miji nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua mjini vikiwa vimetandazwa chini, vyenye picha za miji ya theluji isiyo na kibanda hata kimoja. Injinia, mkubwa wangu, alinituma mtaa wa Satellite nipime nafasi ya njia ya miguu, akaniambia wakazi wakiikubali kwenye mkutano wa Jumapili nitaajiriwa kabisa.

Ijumaa nikachora alama kwa chaki, mvua ikazifuta. Mtu wa kawaida angechora upya. Mimi ninayepanga hata soksi kwa umri nikanunua rangi, nikachagua nyekundu kwa sababu inaonekana kutoka mbali, na Jumamosi alfajiri nikachora X kwenye kila kibanda cha biashara kando ya barabara, kwa rula, mistari ikilingana, kisha nikaenda kunywa chai nimeridhika na nafsi yangu.

Kama unaishi Nairobi, tayari umeshika kichwa. Miaka hiyo X nyekundu ukutani ilikuwa na maana moja tu, tingatinga liko njiani, na hilo nililijua kama kila mtu, ila akilini mwangu hizo zilikuwa X za serikali na zangu zilikuwa za vipimo.

Niliporudi, barabara nzima ilikuwa ikijibomoa yenyewe. Mama Shiko wa saluni alikuwa akitoa nje mashine ya kukaushia nywele, nyuma yake mteja aliyesukwa upande mmoja. Wafula, fundi wa vitanda, alikuwa juu ya paa lake aking'oa misumari.

"Wewe kijana, si ushike hii mabati," akaniambia. "Tingatinga ikikuja haichagui."

Nikashika. Nilikusudia kusema kwamba X ni zangu, lakini mikono ilikuwa imejaa, na kila bati nililoshusha lilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka nikajikuta nimebomoa vibanda vingi kuliko kanjo, wale askari wa jiji.

"Mkimpata huyo mtu wa X," Mama Shiko akasema, "msimguse. Mniachie."

"Lakini amechora poa, huyo mjinga," Wafula akajibu kutoka juu. "Cheki, ametumia hadi rula."

(Naona aibu kusema kwamba hapo nilifurahi kidogo.)

Ndipo injinia akafika, akaegesha gari lake kubwa palepale palipokuwa saluni, akatazama kando ya barabara palivyo peupe, akanishika bega. "Huyu kijana nilimtuma peke yake," akawatangazia wote. "Alama zake ndizo hizi, na mmemwelewa, mmeipisha njia. Jumatatu, kijana, njoo uchukue barua ya kazi."

Mteja aliyesukwa nusu akaangalia kucha zangu, bado nyekundu.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na ulikuwa unatushikia mabati."

Nikamnong'oneza injinia kwamba hawakunielewa, walidhani wanabomolewa.

"Nyamaza kidogo," naye akaninong'oneza. "Tupige picha kwanza, ofisini waone palivyo wazi."

Niliitaka ile barua kiasi kwamba nilianza kunyoosha kola. Kisha nikamwona Mama Shiko ameketi juu ya mashine yake, kando ya barabara, akitafuta kwa macho mahali pa kuiweka kivulini, na sauti ikanitoka. "Hakuna mtu anabomolewa. Ni vipimo vyangu tu. Mnaweza kurudisha."

Injinia akaingia garini bila kuniaga.

"Turudishe?" Mama Shiko akasema. "Utarudisha wewe. Na ukimaliza utanishikia huyu mama nywele nikimalizia kumsuka."

Nilipigilia misumari na kushika nywele mpaka jioni, nikielekezwa na kila aliyepita.

Mkutano wa Jumapili ulijaa, wengi wakiwa wamekuja kuniangalia tu, lakini walipochoka kucheka walibaki wakibishana njia ipite wapi. "Vibanda tunaweza kusogeza nyuma," Wafula akasema, "si mngeuliza." Njia ikakubaliwa. Barua yangu haikuja, kwa sababu injinia alijali picha aliyoikosa kuliko kura aliyoipata, nami nikabaki kwenye majaribio hadi nilipopata ofisi nyingine.

Siku hizi sipimi barabara yoyote kabla ya kuongea na watu walio kando yake.