Ulimi wa Esnath na Ndoo ya Bati

Pale Kifanya hapakuwa na togwa ya kunyweka kanisani kabla ya Esnath, mama Remmy, kuionja. Alikuwa anachovya upawa, anafumba jicho moja, kisha ama anameza ama anatema mbele za watu bila aibu. Miaka ishirini hajawahi kukosea, na alipenda kuwakumbusha.

Akafikisha arobaini na saba. Hedhi ikaanza kuja inavyotaka, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na ule ulimi wa majivuno ukafa. Chai ikawa maji ya moto tu. Nyama ikawa kama kutafuna ndala iliyolowa. Hakumwambia mtu, kwa sababu wifi yake Priska alikuwa ameutolea macho ule upawa siku nyingi.

Alipopeleka viazi Makambako, akaingia duka la dawa la Rukaiya, akajieleza kwa kunong'ona.

"Mama, huenda umepungukiwa madini ya zinki," Rukaiya akamwambia. "Yanasaidia ulimi kupata ladha, vidonda kupona na mwili kujikinga. Kwa umri wako, halafu mlo wenyewe ugali na viazi tu, inawezekana. Ila yapo mengine yanayoua ladha, kwa hiyo kapime kwanza. Vidonge vipo."

Esnath alisikia zinki, mengine yakampita. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mabati, na kila akishika bati jipya alisema kinachong'aa pale ni zinki. Sasa vidonge vya nini, na yeye stoo ana ndoo mpya ya bati inayong'aa kama kipara cha mchungaji?

Akapika togwa, akaimimina mle, akaiacha siku tatu ichachuke vizuri. Ule uchachu ukawa unaila ndoo taratibu. Siku ya nne povu lilikuwa la kijivu, kama maji yaliyooshea miguu ya mtu aliyetoka kuvuna viazi, na ukingoni pameota utando unaovutika kama kamasi za mtoto. Esnath akachota, akafumba jicho moja, akanywa. Hakusikia kitu. Basi akaona iko salama! Akawapelekea kina mama wa kwaya mazoezini.

Priska akawa wa kwanza kukunja uso.

"Wifi! Mbona kama nimelamba jembe?"

"Kunywa, ina madini hiyo. Utanishukuru."

"Madini ya choo!"

Yunis, mama mpole asiyejua kukataa, alimaliza kikombe kwa heshima. Hawakufika ubeti wa pili. Akairudisha yote juu ya daftari la nyimbo, wenzake wakamfuata, sauti ya kwanza na ya pili pamoja. Esnath mwenyewe aliinamia ukuta wa kanisa, anatapika uji ambao hata sasa hakuusikia ladha. Alipoinuka, Priska alikuwa anausugua upawa kwa majivu, anaondoka nao.

"Mama, zinki ya ndoo hailiwi, hiyo ni sumu!" Rukaiya alishika mdomo Esnath aliporudi dukani kumsimulia, akamsindikiza kituo cha afya. Wakampima, wakampa kidonge kimoja cha zinki kwa siku, baada ya kula, kwa muda maalumu. Akakatazwa kuzidisha, maana zinki ikizidi inayafukuza madini mengine mwilini. Akaambiwa pia ale maharage, mbegu za maboga, na nyama akiipata.

Wiki zikapita, ulimi kimya. Jumapili moja Priska akamkabidhi kikombe cha togwa mbele ya watu wote, anatabasamu.

"Onja basi, wifi, kama bado unaweza."

Esnath akanywa. Kitu kikamchoma nyuma ya ulimi: moshi, ulezi ulioota ukungu, na sukari ya kuficha yote. Akatema, ptuu! Ikarukia viatu vya Priska.

"Chafu kabisa!" akapiga kelele kwa furaha. "Ulezi umeoza, sufuria imeungua! Lete upawa wangu."

Wakauleta.