Nilimtoa dada yangu mweupe kwenye picha ya harusi, leo mwanawe hajui sura ya mama yake

Wakuu, salaam kwenu nyote. Vijana mnaostahili kunipa shikamoo, marahaba.

Nimesoma uzi wa mdau anayelalamika kuwa camera ya simu yake mpya inatoa nyuso nyeupe pee. Wengi mmemcheka. Mimi sikucheka. Ninayoandika hapa ni ya kweli, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga picha kwenye studio moja pale Tabora mjini, karibu na soko.

Zama zile mteja akitoka mweusi kwenye picha anairudisha. Anakwambia umemharibu. Kwa hiyo tulikuwa na ufundi wetu: poda usoni, taa karibu, halafu unaongeza mwanga makusudi. Tuliita "kumtoa mtu mweupe". Nilisifika kwa hilo, na kichwa kilinivimba kwelikweli.

Mdogo wangu Mwamvua akaolewa. Siku ya harusi akaja studio na shangazi zetu, kapakwa poda mpaka kwenye kope.

"Kaka, leo nitoe kama wale wa kwenye kalenda."

"Kaa hapo, usicheke," nikamwambia.

Nikamtoa. Macho, nyusi na midomo vilionekana. Pua hakuna, mashavu hakuna. Mwamvua aliibusu ile picha. Mtaa mzima ukaja studio kutaka ya namna ile ile.

Yeye na mumewe wakahamia kijiji cha ujamaa upande wa Igalula. Mwaka haukuisha, akafariki kwenye uzazi. Mtoto akapona. Akaletwa kwa mama yetu mjini, akaitwa Tatu.

Picha ya Mwamvua ilikuwa ile moja tu.

Najua mtauliza negative, ile filamu ya kutolea picha nyingine. Niliisafisha upya sijui mara ngapi. Mwanga ulizidi tangu kwenye filamu yenyewe, uso haukuwepo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tatu alipofika darasa la kwanza, siku moja akachukua penseli akamchorea mama yake pua. Bibi yake akamchapa kwa kuharibu picha. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza. Nani hasa aliyeiharibu? Aibu ile ninayo mpaka leo.

Sasa Tatu ni mtu mzima, ana wajukuu. Mwezi uliopita alipeleka picha kwa kijana mmoja wa kompyuta, akamjazia uso kwa program zenu hizi. Akaja nayo kwenye simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

"Mjomba, mtazame. Ndiye?"

Baba yake alishakufa. Bibi yake alishakufa, na mashangazi wote. Aliyebaki wa kusema ndiye au siye ni mimi peke yangu.

Nikaitazama. Mwanamke mzuri, pua nzuri. Nikafumba macho nimtafute Mwamvua nilinganishe.

Wakuu, sikumpata. Nilichokiona ni ile picha yangu. Sura ya dada yangu niliyekula naye sinia moja miaka yote imenitoka, ikabaki kazi yangu.

Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia, "Sijui, mwanangu."

Akaitazama tena mwenyewe. Kisha akasema, "Basi mjomba, usijali," akaizima simu. Afadhali angenitukana.

Somo kwa mdau wa camera: zima flash. Mtoe mtu kwenye jua la mchana, mweke kivulini, barazani panatosha. Mwambie afute poda na mafuta yanayong'aa. Gusa uso kwenye kioo cha simu, halafu shusha mwanga kidogo. Bora atoke mweusi kidogo, sura utaiona. Na hizo filter za kulainisha ngozi, mama zenu wapigeni picha bila hizo.

Karibuni mchangie, hata kunisema nisemeni.

Ila nina ombi. Kama wazazi wako waliishi vijiji vya Igalula miaka ile, fungua albamu za nyumbani. Tazama hata waliosimama nyuma. Namtafuta mwanamke mrefu mwenye mwanya na kovu dogo kidevuni. Hayo nayajua kwa sababu mama alikuwa akiyataja.

Ukimwona, usimsafishe wala usimng'arishe. Mweke hapa alivyo, nimwite Tatu.