Siku Gari Lilipozima Njia ya Kakola

Gari lile tulilinunua kwa ajili ya minada. Nauza dawa za mifugo, na kwa miaka mingi nilikuwa napanda na maboksi yangu kwenye malori ya wafanyabiashara, leo Mhunze, kesho kwingine, narudi Shinyanga vumbi limenijaa mpaka kwenye kope. Mume wangu, dereva wa malori ya masafa, ndiye aliyelichagua kwenye yadi moja Dar es Salaam. Lilikuwa gari fupi lililoinuka kidogo, rangi ya fedha, limetumika Japani lakini ndani linanukia upya. Majirani walikuja kuliangalia. Kila asubuhi nililifuta kwa kipande cha khanga.

Tabu ilianza kidogo kidogo. Siku moja taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, zikazima zenyewe. Siku nyingine kioo cha abiria kilishuka, kikakataa kupanda. Honi ililia peke yake nimeegesha nje ya kanisa, watu wakiwa kwenye sala. Fundi wa kwanza wa umeme wa magari akabadilisha betri. Wa pili akasema altaneta haichaji betri. Wa tatu akakata waya huku, akaunga kule, na gari likatulia wiki kadhaa, nikaamini limepona.

Ndipo ikaja simu ya asubuhi kutoka Geita. Alikuwa mke wa baba yangu mdogo.

"Mwanangu, baba yako ametutoka alfajiri. Tunamzika leo, baada ya swala ya alasiri."

Huyo baba mdogo ndiye ndugu pekee wa baba yangu. Aliondoka kwao Samuye angali kijana kwenda kuchimba dhahabu, akaoa huko, akasilimu, hakurudi tena kuishi nyumbani. Baba hakuwa na neno juu ya dini. Alichokuwa nacho ni kiburi cha kaka mkubwa, kwamba mdogo ndiye anayepaswa kuja kumsalimia. Na yule mdogo naye, nadhani, alingoja kuitwa. Miaka ikapita hivyo, wawili hao hawajaonana, kila mmoja akiuliza habari za mwenzake kwangu.

Nilipofika Samuye nilimkuta baba amesimama barabarani, amevaa koti lake jeusi na kofia, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma chetu. "Tutawahi?"

"Tutawahi."

Mpaka Kahama tulikwenda vizuri. Baba alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia, jinsi walivyochunga pamoja, jinsi mdogo wake alivyokuwa hodari wa kulenga ndege kwa manati. Tulipoishika njia ya Kakola iendayo Geita, usukani ukawa mzito ghafla, kama umefungwa kamba. Mshale wa mwendo ukaanguka. Taa zikawaka zote, zikazima, na injini ikazima nazo.

Nilizungusha ufunguo. Kimya. Vioo tulikuwa tumevipandisha kwa sababu ya vumbi, na sasa havikushuka. Mlango wa baba ukagoma kufunguka, ndani na nje. Joto likaanza kupanda. Ilibidi nimvute baba juu ya gia, apite kwenye kiti changu, mzee wa umri ule, magoti yakigonga usukani, kofia ikaanguka chini. Alipotoka aliiokota, akaipangusa, akaivaa.

Wachimbaji wawili wa pikipiki walisimama kutusaidia kusukuma, halafu wakakumbuka kwamba gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Dereva wa lori akatuunganishia waya kutoka kwenye betri yake. Likawaka. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Halikufika mbali, likazima tena, na safari hii hata kwa betri ya mtu halikuitika. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa.

Nikampigia mama mdogo.

"Tumewaomba wangoje," alisema. "Lakini sheikh anasema maiti hacheleweshwi."

Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe, uso ameuelekeza Geita. Jua lilikuwa limeshapinda wakati pikapu yenye viroba vya mchanga wa machimboni ilipotuchukua. Gari nililiacha pale pale.

Tulipofika makaburini watu walikuwa wananawa mikono. Kijana mmoja alikuwa akikwangua udongo kwenye koleo. Baba aliutazama ule udongo.

"Wameshamfukia?"

Mama mdogo alimshika mkono. "Shemeji, tulingoja. Tulingoja mpaka watu wakaanza kunung'unika."

Baba akauliza kichwa kiko upande gani. Akaonyeshwa. Alichuchumaa, akachota udongo, akakaa nao mkononi kwa muda, kama mtu asiyejua auweke wapi, maana shimo lilikuwa limeshajaa. Mwisho akaumimina juu ya tuta, akamwambia mdogo wake kwa Kisukuma kwamba amefika. Nilitaka ardhi inimeze.

Gari lilivutwa mpaka Kahama. Fundi wa huko aling'oa zulia la sakafuni. Chini yake kulikuwa na tope kavu, laini, la kijivu, ambalo si la mbuga zetu wala si vumbi jekundu la machimboni. Soketi za nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Dada, hili lilizama," alisema. "Mafuriko ya huko lilikotoka. Wakaliosha."

"Linapona?"

"Ukiziba huku, litafumuka kule. Nyaya zimeoza ndani kwa ndani."

Sasa limekaa uani, magurudumu yameisha upepo. Wanaokuja kulitaka nawaambia ukweli, nao huondoka. Mume wangu akirudi safari hupita upande wa pili asilione. Minadani nimerudia malori.

Baba hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ningekuwa na la kujibu. Mara ya mwisho nilipokwenda Samuye nilimweleza habari ya lile tope, nikamweleza yote, kwamba gari lilikuwa limekufa kabla hatujalinunua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ng'ombe wake mwekundu apewe dawa ya minyoo sasa, au asubiri mvua. Nikamwambia asubiri. Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda zizini.