Adui Yangu wa Mnadani

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na ndio mwaka ng'ombe wa nyumbani walipokwisha. Walikuwa kumi na tisa. Mvua haikuja, wakawa wanaanguka mmoja mmoja, na kila asubuhi baba alikwenda kuwatazama, akahesabu waliobaki. Alipokufa wa mwisho, baba aliniambia nitafute pa kula. Nilichukua fimbo nikaenda kuswaga ng'ombe wa watu wengine.

Shule niliishia darasa la pili. Nasema hilo mapema ili mtu asije akadhani ananifumania. Kuandika nilijifunza ukubwani, haya nimeyaandika mwenyewe, na nilichokijua nilikijua kwa miguu.

Serikali ilipolegeza biashara, kila mwenye fimbo akawa mfanyabiashara. Mimi nilianza na mbuzi wawili, nikapanda mpaka ndama, nikapanda mpaka madume. Nilinunua kwenye minada ya upande wa Mpwapwa, nikawaswaga kwa miguu mpaka Gulwe kwenye reli, wakapakiwa behewani kwenda Dar es Salaam. Kazi ilikuwa nzuri isipokuwa kwa mtu mmoja.

Alikuwa mnunuzi kama mimi, ametokea upande wa Chemba. Mrefu, kanzu safi hata siku za vumbi, amenizidi miaka minne na amesoma mpaka darasa la saba, jambo ambalo hakuacha mtu asilijue. Mimi aliniita Darasa la Pili. Hakuwahi kuniita kitu kingine.

"Darasa la Pili, huyo ni ng'ombe. Yule uliyemnunua jana alikuwa punda."

Watu walicheka. Mimi nilifungulia ng'ombe wake kumi na mmoja wakaingia shamba la uwele, akawekwa ndani na mgambo siku mbili. Alipotoka alinikuta kisimani akanivunja vidole viwili kwa fimbo. Vilipopona nikaenda Dodoma mjini, nikanunua chupa ya dawa ya josho, ile ya kuulia kupe. Ukiichanganya na maji mengi inaua kupe. Ukiimimina kama ilivyo kwenye maji ya kunywa, inaua ng'ombe. Niliiweka kwenye mfuko wangu nikaenda nayo mnadani. Nilikusudia kuimimina Gulwe, kwenye birika ambalo ng'ombe wake wangenyweshwa kwanza.

Siku hiyo ya mnada lilikuja dume jekundu, nundu kama mlima. Nililitaka, na adui yangu naye alilitaka. Nilimpita bei. Nilifurahi kiasi kwamba niliondoka haraka kabla muuzaji hajabadili nia, na hapo nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa Kigogo halifanyi. Kule kwetu ukinunua ng'ombe, kamba hubaki kwa muuzaji. Mnunuzi anakuja na ya kwake. Ng'ombe anayepita njiani na kamba ya muuzaji shingoni ni ng'ombe wa wizi, hakuna anayeuliza zaidi. Mimi niliondoka na dume na kamba yake.

Kijiji cha pili walikuwepo ndugu wa muuzaji. Waliitambua kamba, maana waliisuka wao. Yowe likapigwa. Nilipogeuka, walikuwa wanaume ishirini, kila mmoja na fimbo, wengine na mikuki. Walinikalisha chini wakanifunga mikono kwa kamba ileile. Nikasema nimenunua. Wakaniuliza shahidi yuko wapi. Muuzaji mwenyewe alikuwa amebaki mnadani anakunywa, na kwa nilivyomwona asingekumbuka hata jina lake. Mwizi wa ng'ombe wakati ule hakupelekwa polisi. Polisi walikuwa mbali, na fimbo zilikuwa karibu.

Nikaona vumbi. Alikuwa anakuja yeye na ng'ombe wake, na kanzu yake.

"Bwana, huyu unamjua?" mzee mmoja akamwuliza.

"Namjua. Ni adui yangu."

"Basi umefika saa nzuri."

Alisimama akanitazama. Nilijua anachoangalia. Angenyamaza tu, asingekuwa ametenda dhambi yoyote ya kuonekana, na mnada mzima ungekuwa wake. Alitema mate pembeni.

"Dume kalinunua. Nilikuwepo, kanipita bei, Mungu amlaani."

"Mbona ana kamba yetu?"

"Hana akili. Kaishia darasa la pili. Mwizi, wazee wangu, angekumbuka kuvua kamba."

Mmoja akacheka. Kisha wakacheka wote, na watu wakishacheka ni vigumu kurudi kwenye kuua. Nilifunguliwa. Nilirudisha kamba, nikaomba radhi, nikapewa maji.

Tukaendelea na njia, ng'ombe wake mbele, wangu nyuma. Asante sikusema. Kesho yake ndipo nilipomwuliza.

"Kwa nini?"

"Ungekufa ningebaki namchukia nani? Wale wengine wote wapole."

Mchana tulifika kwenye korongo kavu, tukachimba mchanga kutafuta maji. Nikatoa chupa nikaiweka kati yetu.

"Nini hiyo?"

"Dawa ya josho. Nilikuwa niwatilie ng'ombe wako."

"Wote?"

"Wote."

"Na mimi je?"

"Wewe nilikuwa sijaamua."

Aliichukua, akaenda mbali na maji, akachimba shimo la kwenda mpaka begani, akaizika, akaweka jiwe juu. Aliporudi alitoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu.

"Na mimi nilikuwa na hii. Ya kupeleka kwa mgambo wa Gulwe, kwamba ng'ombe wako wote ni wa wizi. Soma."

Nikamwambia anajua vizuri kwamba siwezi kuisoma yote. Akanisomea. Ilikuwa barua nzuri, imeanza na salamu, imepangwa kwa namba, na mwisho imesema wako mtiifu. Nilifikiri kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukaa chini akanifikiria muda mrefu hivyo. Akaichana.

Gulwe tulikuta mto umekula reli. Treni haikuwepo, na stesheni walisema subirini, neno ambalo walilisema siku nane. Ng'ombe tuliwaweka zizi moja maana zizi lilikuwa moja. Chumba tulipanga kwa mama muuza chai, na chumba nacho kilikuwa kimoja. Kitanda vilevile. Sikupanga mimi, ndivyo Gulwe ilivyokuwa.

Siku ya tano, mchana, mvua inapiga bati mpaka mtu hasikii anachosema, alinishika vile vidole viwili akaniuliza kama bado vinauma. Nikasema vinauma. Vilikuwa vimepona zamani. Yaliyofuata hayaandikwi na mtu wa umri wangu. Nasema tu kwamba sikulazimishwa, sikulewa, na sikujuta siku ile wala leo.

Ninaye mpangaji, binti anasoma chuo. Anasoma kwenye simu hadithi za wanaume wawili wanaotafutana wauane, wanafichiana visu, kisha wanapendana. Siku moja aliniuliza, "Mzee, mambo kama haya yapo kweli?" Nikamwambia afagie uwanja.

Treni ilipokuja tulikuwa na tatizo. Sheria niliijua, na watu niliwajua zaidi. Wale ishirini wenye fimbo wangefika upesi kuliko askari, na safari hiyo asingebaki mtu wa kuwachekesha. Wanaume wawili wasiooa, wanaotembea pamoja, wanakula pamoja, mwaka wa kwanza wanaitwa marafiki. Mwaka wa tatu watu wanaanza kuhesabu vitanda. Nikamwambia tuachane. Akafunga mzigo, akaufungua tena.

"Mnadani tuendelee," akasema.

"Tuendelee na nini?"

"Kugombana. Maadui hawaulizwi wanalala wapi."

Tukaendelea miaka saba. Yeye alifika mnadani kwa njia ya kusini, mimi ya kaskazini, na tukionana tu yanaanza. Mimi nilimwita fisi mwenye kanzu. Yeye alisema ng'ombe wangu wanakonda kwa aibu. Matusi mengine tuliyatunga pamoja tukinywa chai, tukayagawana. Mara moja alimtaja mama yangu, kitu ambacho hatukukubaliana, nikakaa wiki mbili nikimtukana kwa hasira ya kweli. Mnadani hakuna aliyeona tofauti.

Kisha wazee wa mnada wakatuita. Wote wawili, siku moja, saa nne asubuhi, mbele ya mwenyekiti, mchungaji na shehe. Hawakusema kwa nini. Kitu cha kuwaita watu hao watatu kwa pamoja, mimi nilikijua kimoja tu. Nilimtumia neno kwamba asije, aende Singida, mimi nitabeba lawama peke yangu. Akajibu kwamba nikienda na yeye anakwenda. Asubuhi ile nilivaa viatu vya kukimbilia. Yeye alivaa kanzu, kwa hiyo nilijua hana nia ya kukimbia.

Tulikuta mbuzi ameshachinjwa. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Mwenyekiti akakohoa.

"Mnatuchosha," akasema.

Nikavitazama viatu vyangu.

"Miaka yote hii. Wageni wanakuja kununua, wanakuta matusi. Watoto wetu wameyajua yote kwa kichwa. Leo mnapatana."

Nikakaa chini bila kuambiwa. Shehe alidhani ni majuto, akanishika bega.

Tulipeana mikono, tukala maini ya mbuzi kutoka sahani moja kama desturi ya suluhu inavyotaka. Lakini mwenyekiti hakuridhika. Alisema watu wakipatana kisha wakakaa mbalimbali uhasama unarudi. Alikuwa na viwanja viwili Mkonze, karibu na Dodoma mjini, anaviuza, vinapakana. Tuvinunue, tujenge ukuta kwa ukuta, tukae tuzoeane, na yeye atakuwa anapita kuangalia.

Niliona ni lazima nipinge kidogo.

"Mzee wangu, mimi siwezi kukaa na mtu huyu."

"Heri nikae na nguruwe," akasema yeye, na shehe akamtazama vibaya.

"Mtakaa!" mwenyekiti akapiga meza.

Tukakaa. Sijawahi kutii hukumu vizuri namna ile. Mwenyekiti alipita kila mwezi mpaka alipofariki, akatukuta kila mara tunakunywa chai, akawa anajisifu kwa watu.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati jipya. Vyumba vinne vya kupangisha uani. Shamba la zabibu ekari mbili. Pikipiki moja, haiwaki. Pawatila moja ya kulimia. Nusu ya nyumba ya jirani, kwa maandishi, na yeye ana nusu ya yangu. Mlango kwenye ukuta wa kati, tuliutoboa wenyewe bila fundi, ndiyo maana umekaa upande. Ng'ombe thelathini na wanne katika zizi moja, kumi na wanane wangu. Yeye anasema kumi na sita.