Mlango Usio na Ukuta

Juzi pale Kibirizi nilipishana na mkokoteni uliobeba mlango mpya, na harufu ya vanishi ikanirudisha utotoni, kwenye maonyesho ya vifaa vya ujenzi mjini Kigoma. Mama alikuwa akibishana na muuza mabati. Mimi nikapita kwenye mlango uliosimamishwa uwanjani peke yake, ukajifunga nyuma yangu. Kulia wazi, kushoto wazi. Leo najua ningezunguka tu. Lakini bibi yangu wa Ujiji alinifundisha kwamba mtoto mwenye adabu hupita mlangoni, tena kwa hodi. Nikapiga hodi mpaka nikalia, nikiamini nimefungiwa. Watu walicheka. Mama hakucheka. Alizungusha kitasa kutoka upande wake, akafungua taratibu.

“Karibu, mwanangu.”