Kopo la Bismillahi

Dada yangu amezikata vichwa barua za marehemu baba, na mpaka leo anadai kwamba alitenda jambo la heshima.

Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na kila mara hasira hunipanda upya, kwa hiyo bora nieleze kwa utaratibu. Mimi ni msomi, yaani nimetumia nusu ya umri wangu kwa jambo ambalo halijamfaa mtu yeyote hapa Maskati: barua za karne ya kumi na nane baina ya ofisa mmoja wa posta ya Uingereza na viongozi wa Marekani. Walikuwa wakiandikiana, vita vikawatenga, na vita vilipokwisha wakaandikiana tena kwa adabu zote, juu ya meli za kuchukua barua. Nao walijua fika kwamba posta hiyohiyo ilikuwa na watu wa kufungua barua kwa siri. Hayo yote nayajua. Muulize yeyote aliyewahi kupangwa karibu yangu harusini.

Kumbe na sisi tulikuwa na ofisa wetu. Rafiki wa baba alikuwa karani wa posta Unguja. Baba alipohamia huku, yeye alibaki, na akaendelea kumwandikia miaka na miaka, hata pale ambapo kuandikiana na walioondoka kungeweza kumtia mtu matatani. Wote wawili wameshafariki. Barua zilibaki ndani ya sanduku la baba, ambalo alipofariki lilihamia nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Ghubra.

Mwezi uliopita binti wa karani alinipigia simu kutoka Unguja. Mama yake anapoteza uwezo wa kuona, na kabla macho hayajafunga kabisa anataka kuiona tena khati ya mumewe, ule mwandiko wa mkono wake. Kwao paa lilivuja, haikusalimika hata karatasi moja.

"Kwenu hamna chochote, kaka?"

"Tunalo sanduku zima," nikamjibu, kwa sauti ile ninayoitumia kwenye mihadhara.

Nikaenda Ghubra. Dada alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Nilipouliza sanduku liko wapi, alinyoosha mkono juu ya friji akateremsha kopo la halwa. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi vya upana wa vidole viwili. Kila kipande kilikuwa na Bismillahi, jina la Unguja, tarehe, na "Ndugu yangu mpenzi". Basi.

"Na zilizobaki?"

"Zilizobaki ni maneno ya watu tu, nimeyatia pipani. Lakini jina la Mungu mie silitupi pamoja na maganda ya vitunguu. Hivyo vipande nnangoja Ijumaa nikavizike."

"Umekaa na mkasi, ukakata barua moja moja?"

"Siku tatu! Mpaka kidole kikafanya lengelenge. Na hakuna aliyenambia ahsante."

Niliwaka. Nilimwambia kwamba wale Waingereza, waliokuwa hawana haya ya kufungua barua za wenzao, angalau hawakuzigeuza takataka. Nilimwambia kwamba amehifadhi mstari wa juu na kumtupa mtu mwenyewe. Nilitumia neno "nyaraka" mara kadhaa. Akanisikiliza mpaka kitunguu kikaisha.

"Umemaliza, profesa? Nilikupigia mara tatu uje uzichukue. Ya kwanza ukasema una semina. Ya pili ukasema ziache tu hapo. Ya tatu ukanihadithia habari za yule Mzungu wako wa posta mpaka wali ukaniungulia. Nikasema, huyu ana barua zake, hizi hana haja nazo."

Hilo likanikasirisha zaidi kuliko mkasi.

Nilipiga picha kipande kimoja, nikamtumia binti wa karani. Haukupita muda akaniletea ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilimsikia mama mtu mzima akisema, "Ndiye. Ndiye huyo. Tazama anavyoivuta ile herufi sin ya Bismillahi, utadhani wino wa bure." Wakacheka wote wawili. Kisha binti akasema, "Mama anauliza, miaka yote hiyo alikuwa akimwambia nini baba yako?"

Nikaanza kuandika kwamba walikuwa wakikumbushana mambo ya utotoni. Nikafuta. Nikaanza kuandika kwamba barua nyingine zimeharibika, na dada alikuwa kasimama pale pale, tayari kutwishwa lawama. Nikafuta na hilo. Mimi ninayeweza kukueleza Mwingereza mmoja alimwandikia nini Mmarekani, sikuwahi kulifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha baba tangu nilipokuwa mtoto.

"Sikuwahi kuzisoma. Sasa vimebaki vichwa vyake tu, ndani ya kopo la halwa," nikaandika.

Alama za ujumbe kusomwa zikageuka buluu. Tukangoja, mimi na dada, yeye akiwa bado ameshika kisu.

"Basi tuleteeni hilo kopo," likaja jibu.

Dada akafuta mikono, akalifunika kopo, akalifunga kwa mpira ili kifuniko kisifunguke njiani. "Ulichukue mwenyewe," akasema. "Tena ulipakate."