Mpini wa Mkono wa Kushoto

Kaka alipiga simu nikiwa nimebana mpini kwenye jiliwa, msumeno uko katikati ya mti. Nikapokea kwa bega. Hakuuliza habari za kazi, hajawahi kuuliza. Alisema, "Jumamosi nakuja. Nikikuta mama bado analishwa kama mtoto, naondoka naye Mbeya. Sitaki majirani wanipigie tena kuniambia mama yangu ameshinda njaa."

"Alishinda njaa chakula kikiwa mbele yake. Hilo nalo wamekuambia?"

"Wameniambia ulikuwa mjini unauza vijiti." Akakata simu.

Vijiti. Mimi natengeneza mipini: ya patasi, ya tupa, ya visu, ya vijembe vya palizi. Nafanyia kazi kwenye stoo ya zamani ya mahindi, nyuma ya nyumba yetu hapa Kalenga, na mafundi wa Iringa mjini wananijua. Lakini mbele ya kaka yangu ni vijiti, na siku ile neno hilo lilinikera mpaka nikaupindisha msumeno.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na haki ya kukasirika. Mama alipatwa na kiharusi msimu wa baridi uliopita. Upande wa kulia ukalala. Mguu ulirudi kidogo, anauburuta, lakini mkono haukurudi. Wa kushoto ni mzima kabisa, tena una nguvu, maana amelima maisha yake yote. Tatizo ni kwamba hataki kuutumia. Kula kwa kushoto ni mwiko, kumpa mtu kitu kwa kushoto ni mwiko, hata kushika kisu cha jikoni kwa kushoto anaona kama anachezea chakula cha watu. Siku ile ya njaa nilimwekea ugali na mboga kwenye sahani, nikafunika, nikaenda mjini. Niliporudi jioni nilikuta sahani imefunikwa vilevile.

"Mama, ulikuwa peke yako humu ndani. Nani angekuona?"

"Mimi mwenyewe ningejiona," alisema.

Nilimlisha tonge kwa tonge huku nimekaza meno. Naomba nieleweke. Mimi nilizaliwa mashoto. Tangu naanza kushika kijiko nilishika kwa kushoto, na mama yangu huyuhuyu aliufunga mkono ule kiunoni kwa kipande cha khanga, kila siku, mpaka ukaacha kujipeleka mbele. Akikaza fundo alikuwa anasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Basi nilikunjika. Naandika kwa kulia, nakula kwa kulia, napiga randa kwa kulia. Leo yeye ndiye mwenye mkono wa kushoto tu, na anakaa na njaa kwa sababu ya sheria ileile. Kuna siku nilimwonea huruma, na kuna siku nilitamani kumwambia, unaona sasa? Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa nampenda, vyote kwa pamoja, tena mara nyingi ndani ya mlo mmoja.

Nilimweleza habari ya simu. Aliangalia mlangoni, upande wa bondeni kilipo kinyungu chake, kile kibustani cha kando ya mto anapopanda maharage na mboga wakati wa kiangazi.

"Kaka yako ana geti," alisema.

"Analo."

"Nikiingia kwenye geti lile, mwanangu, nitatoka nimebebwa."

Kaka si mtu mbaya. Mke wake ni mwema, nyumba ina maji ya bomba mpaka jikoni. Lakini mama alikuwa anasema kweli na mimi nilijua. Yeye asipoamka akaona udongo wake, anaanza kulala mchana, na akianza kulala mchana basi. Na kwetu mama akiumwa, mtoto wa kiume akisema namchukua, wajomba wote wanaitikia. Kaka alikuwa ameshika mpini, sisi tumeshika makali.

"Sasa sikiliza," nilimwambia. "Akija akute unamenya viazi mwenyewe, unakula mwenyewe. Nitakutengenezea kisu."

"Kisu kipo."

"Nitakutengenezea cha mkono wako."

"Mkono wangu ni huu," akasema, akaonyesha kwa kidevu ule uliolala mapajani.

Nilikwenda stoo bila kumjibu, maana ningemjibu vibaya.

Nilikuwa na vipande vichache vya mpera, vimekauka vizuri kivulini tangu mwaka juzi. Mpera haupasuki hovyo, na ukiusugua unakuwa laini mkononi. Nilikata pete ya kukaza mpini kwenye bomba la zamani, nikachukua kisu kifupi, nikaupasha moto ule mkia wake wa chuma mpaka ukawa mwekundu, nikauzamisha ndani ya mti ukijichomea tundu wenyewe. Halafu nikachonga umbo. Kuchonga mpini mzuri ni kukata kidogo na kushika, kukata kidogo na kushika. Unaufumbata, unasikia panapobana, unapunguza. Upande mmoja nikachimba kibonde cha kidole gumba, upande wa pili nikaacha unene wa kujaza vidole. Nikapaka mafuta ya alizeti. Ulikuwa mpini mzuri kuliko wowote niliowahi kuuza. Nikachukua na ubao, nikapigilia misumari miwili ikatokeza upande wa juu, ili kiazi kichomekwe pale kitulie, kwa kuwa hana mkono wa pili wa kukishika.

Nilimsihi mpaka akakubali kujaribu. Alishika, akagusa kiazi, kisu kikageuka mkononi kikaanguka kwenye sketi yake.

"Umeona?" alisema.

Nikachonga mwingine, mnene kidogo. Ukageuka vilevile. Nikachonga wa tatu, nikakichimba zaidi kibonde cha kidole ili ushikike. Huo ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Kisu kilizunguka, makali yakampitia kwenye kiganja, damu ikatoka. Haikuwa nyingi, lakini mama aliitazama kama mtu aliyepata jibu.

"Mkono wa kushoto haufai, mama," aliniambia, kwa upole kabisa, akiniita mama kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. "Nilikuambia zamani."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia mkono hauna kosa, kosa ni kichwa chake. Nilimwambia ameninyang'anya mkono wangu bure, na sasa anataka kujinyang'anya wa kwake pamoja na nyumba yake. Nilisema mengi. Yeye alifunga kiganja chake kwa khanga kwa kutumia meno, hakunitazama. Ilikuwa Ijumaa mchana na kesho yake kaka alikuwa anafika.

Nilirudi stoo nikaitupa ile mipini juu ya meza. Nikaiokota tena. Nikaufumbata wa tatu, ukakaa sawa kabisa. Nikajiuliza, sasa kisu kinageukaje? Ni hapo nilipotazama chini nikaona ninaufumbata kwa mkono gani.

Kulia. Mipini yote mitatu niliipima kwa mkono wangu wa kulia. Kata kidogo, shika, kata kidogo, shika, na aliyekuwa anashika muda wote ni yule aliyefundishwa. Kibonde cha kidole gumba kilikuwa upande wa kushoto wa mpini, mahali kidole cha mkono wa kulia kinapolala. Nikauhamishia mkono wa kushoto. Kidole gumba kikapanda juu ya unene, vidole vingine vikatumbukia kwenye kibonde, na kisu kikageuka chenyewe kama kilivyogeuka kwa mama. Kadiri nilivyokichimba kibonde, ndivyo nilivyozidi kumkosesha. Sikuwa nimechonga mpini wa kushoto hata mmoja. Nilikaa kwenye gogo nikacheka, kicheko kisicho na raha yoyote.

Nikachukua kipande cha mwisho cha mpera. Safari hii nilichonga kwa kulia kama kawaida, lakini kila nilipotaka kupima nilijilazimisha kuweka kisu cha kuchongea chini na kuufumbata kwa kushoto. Mkono ule ulikuwa mzito. Ulishika halafu ukaachia, kama mgeni asiyejua akae wapi. Mara mbili nilijikuta nimeshauhamishia kulia bila kujua, nikajitukana. Mti ulikuwa mmoja tu na ningekosea ningebaki bila kitu. Nilipunguza kwa tupa, halafu kwa msasa, nikifumba macho ili nisiudanganye mkono. Kibonde kikaja upande wa kulia. Nikatengeneza na mwingine mwembamba kutokana na mabaki yake, nikautia kisu changu mwenyewe, kwa sababu mkono ulikuwa umeanza kukumbuka na sikutaka kuukatisha.

Jioni mama alimenya kiazi kimoja chote. Kisu hakikugeuka. Aliweka kisu juu ya ubao na kusema, "Kinashikika." Nikashusha pumzi. Halafu akasema, "Lakini mbele ya mtoto wangu wa kiume sitashika."

Sikulala vizuri, na naamini naye hakulala.

Kaka alifika kabla ya saa sita na begi kubwa tupu. Alimsogelea mama na kumpa mkono. "Shikamoo, mama." Mkono wake ulibaki hewani. Mama alisema marahaba, baba, na mkono wake wa kushoto ulijificha chini ya khanga. Kaka aliurudisha mkono wake taratibu, akanitazama. Nikamsogezea kigoda.

Hakukaa. Aliingia chumbani kwa mama, tukamsikia anafungua kabati. Alitoka na sweta na vitenge mkononi, akaanza kuvikunja juu ya begi, anakunja vizuri, kwa heshima, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Angekuwa mkorofi ningejua pa kumshika. "Nitakuleta Desemba, mama, utembee," alisema. Mama aliangalia zile nguo zake zinavyoingia moja moja. Hili halikuwa langu tena.

"Niletee ubao," mama alisema.

Kaka alidhani anaambiwa yeye. Mimi nilikuwa nimeshafika jikoni. Nikaweka ubao mbele yake, viazi kwenye beseni na kisu kando. Mkono wa kushoto ukatoka chini ya khanga, umefungwa kitambaa pale kisu changu kilipomkata. Ukachukua kiazi, ukakichomeka msumarini. Ukashika kisu. Kaka aligeuza uso pembeni, kama vile amemkuta mama yake anaoga.

"Nitazame, baba," mama alisema. "Usigeuke."

Akatazama. Maganda ya kwanza yalitoka manene, halafu yakaja membamba. Mama alikuwa anatokwa na jasho puani. Alipomaliza kile cha kwanza hakukiweka kwenye beseni. Alimpa kaka, mkono kwa mkono, kwa kushoto. Kaka alikitazama kile kiazi muda mrefu kuliko kiazi kinavyostahili. Mwisho akakipokea kwa mikono miwili.

Baadaye kidogo kaka alitoa sweta begini akamwekea mama mabegani, na zile nguo nyingine alizirudisha kabatini bila kuzikunja.

Mama alikuwa kwenye kiazi cha tatu aliponiita. "Lete na kile kisu chako kingine, chenye mpini mwembamba. Kaa hapa."

Nikakaa, nikakishika kwa kulia.

"Huo hapana. Ule mwingine."

Nikahamisha. Nilipokata nikaondoka na nusu ya kiazi pamoja na ganda. Nikajaribu tena, vibaya vilevile. Mama aliacha kumenya akawa anautazama mkono wangu, ule alioukazia fundo. Nilisubiri atanie, maana ana ulimi.

"Ningekuacha nao," alisema, "leo wewe ndiye ungenifundisha."

Kisha akanisogezea beseni, tukaendelea kumenya.